Mjomba, mke wangu anasema Japani imenimeza

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, umri wangu miaka 38, mhandisi wa mitambo. Shahada ya uzamili nilisomea Yogyakarta, kisiwani Java, kwa ufadhili wa serikali ya Indonesia, na huko ndiko nilikooa. Baadaye nikapata ufadhili wa serikali ya Japani, nikaja kusomea udaktari, nikamaliza na kuajiriwa. Tunaishi Okazaki, mkoa wa Aichi. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, na mke wangu anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, kwa zamu za usiku na mchana. Tuna binti mmoja, Salma, wa miaka tisa, yuko darasa la tatu.

Nakuandikia kwa sababu nyumbani hapakaliki. Mke wangu anataka turudi kwao Yogyakarta kabla Salma hajaingia sekondari. Anasema Japani imenimeza, kwamba nyumbani nimekuwa mgeni wa kulala tu. Ni kweli natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na siku nyingi narudi saa nne au saa tano usiku. Mwezi uliopita ovataimu yangu ilifika saa 74. Lakini hakuna anayenilazimisha. Msimamizi wangu hajawahi kuniambia baki. Tatizo ni kwamba muda wa kutoka ukifika hakuna anayenyanyuka, na mimi ni Mwafrika peke yangu katika idara nzima. Nitakuwaje wa kwanza kubeba mkoba? Likizo yangu ni siku 20 kwa mwaka. Mwaka jana nilichukua tano, zile ambazo kampuni yenyewe ilinipangia.

Kusema kweli, mimi watu hawa nawapenda kwa kazi yao. Watoto wanafagia madarasa yao wenyewe. Treni ikichelewa dakika chache wanaomba radhi kwenye kipaza sauti. Shuleni kwa Salma kuna sanamu ya mtoto Ninomiya Kinjiro, amebeba mzigo wa kuni mgongoni huku anasoma kitabu, na kila nikiiona moyo wangu unasema hapa ndipo pa kulelea mtoto. Kazi iko kwenye damu yao.

Kwa wakwe zangu naona kinyume. Nilipokuwa mwanafunzi kule, kikao cha saa tatu kilianza saa nne. Wenyewe wana msemo wa saa ya mpira, inavutika. Kalenda yao ina sikukuu za dini zote, na siku ya kazi ikibanwa kati ya sikukuu na wikiendi, serikali nayo mara nyingi inaigeuza likizo. Shemeji yangu anaendesha pikipiki ya abiria, ile ya kuitwa kwa simu. Ukimtafuta usiku utampata kwenye angkringan, kibanda cha chai na vifurushi vya wali, ameegemea ukuta, simu mkononi, mpaka saa sita. Mama mkwe anauza gudeg, chakula cha kwao cha fenesi, alfajiri, kisha ikifika saa tano asubuhi unamkuta amelala sebuleni, mlango wazi.

Idi iliyopita tulikwenda. Tumekula, watu wanacheka, nami nikasema: "Nchi hii ina kila kitu isipokuwa watu wa kufanya kazi. Mngekaa na Wajapani kidogo mngejifunza." Baba mkwe alinyamaza, akanyanyuka mkekani, hakurudi. Mke wangu hakusema nami hadi tulipopanda ndege, na tangu siku ile kila tukizungumza ni ugomvi. Mimi naona nilisema kweli.

Sasa marafiki wa Salma wameanza juku, tuisheni ya jioni. Mke wangu hataki, anasema mtoto atarudi nyumbani saa tatu usiku kama baba yake. Mimi nataka aanze. Nimechoka, Mjomba, sikufichi. Juzi nililala kwenye treni nikapitiliza kituo, na kwenye uchunguzi wa afya wa kampuni presha imesomeka juu. Lakini je, nimtoe mtoto kwenye taifa linalofundisha kazi nimpeleke kwenye taifa linalofundisha kukaa? Niambie nani ana haki kati yangu na mwenzangu.

Baba Salma, Okazaki

*

Marahaba, mpwa wangu.

Naanza na presha. Umeitaja kwa mstari mmoja ukaipita, na mimi hapo ndipo niliposimama. Sheria ya Japani, tangu Aprili 2019 kwa kampuni kubwa na Aprili 2020 kwa ndogo, imeweka kikomo cha kawaida cha ovataimu kuwa saa 45 kwa mwezi na saa 360 kwa mwaka. Kampuni yenye makubaliano maalumu na wafanyakazi wake inaweza kuvuka hizo 45, lakini si kwa zaidi ya miezi sita katika mwaka, na jumla ya mwaka haitakiwi kupita 720. Tena, maofisa wa kazi wa huko wanapochunguza mtu aliyeanguka kwa moyo au kiharusi, huangalia kama ovataimu yake ilizidi saa 100 katika mwezi wa mwisho, au wastani wa saa 80 kwa mwezi katika miezi miwili hadi sita iliyotangulia. Kifo cha namna hiyo wanakiita karoshi, na familia hulipwa fidia. Wewe umebakiza saa sita kuufikia mstari huo wa 80, presha iko juu, na unalala kwenye treni hadi unapitiliza. Kabla ya habari za Java na za juku, nenda kwa daktari, na uchukue rekodi ya saa zako za kazi za mwaka mzima uliopita. Ukiona umepita 45 miezi zaidi ya sita katika mwaka, hapo si suala la tabia yako tena, ni suala la kampuni na sheria.

Hao unaowaiga, mpwa wangu, wenyewe wanajaribu kutoka huko unakokimbilia. Mwaka 2014 bunge lao lilipitisha sheria ya kuzuia karoshi, baada ya familia za marehemu kuhangaika miaka mingi kukusanya saini na kugonga milango ya wabunge. Desemba 2015, siku ya Krismasi, binti wa miaka 24 aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza kwenye kampuni kubwa ya matangazo Tokyo alijiua. Mwaka uliofuata mamlaka zikathibitisha kwamba kazi ndiyo iliyomfikisha pale. Nchi nzima ilitikisika, na kikomo cha 2019 kilipata nguvu kutokana na kilio kile. Hata hizo siku tano za likizo unazosema kampuni ilikupangia zinatokana na sheria hiyohiyo: mwajiri sasa anawajibika kuhakikisha kila mwenye likizo ya siku kumi au zaidi anapumzika angalau tano. Kwa miaka mingi karibu nusu ya siku za likizo zilikuwa zinapotea bila kuguswa, mpaka serikali ikabidi iwaamuru watu wapumzike.

Wewe umechukua tano za amri, ukaziacha kumi na tano za haki.

Na kukaa ofisini usiku hakujawatajirisha kama unavyodhani. Katika takwimu za OECD, jumuiya ya nchi nyingi zilizoendelea kiuchumi, Wajapani ndio wanaolala saa chache kuliko wote, huku uzalishaji wao kwa kila saa ya kazi ukiwa wa chini kabisa katika G7, kundi la mataifa saba tajiri. Ukuu wao uko mahali pengine, nawe mhandisi unapajua kuliko mimi. Katika viwanda vya magari vya mkoa wenu huo wa Aichi, mfanyakazi wa kawaida ana kamba ya kuvuta. Akiona kasoro anaivuta, na isiporekebishwa upesi mstari mzima wa uzalishaji husimama mpaka chanzo kijulikane. Hiyo ndiyo elimu ya kazi ya Kijapani ninayoiheshimu kwa moyo wangu wote: kuikubali kasoro mapema na kusimama. Kasoro iko mwilini mwako na nyumbani mwako, mke wako ameivuta kamba, wewe unataka mstari uendelee.

Tuje kwenye lile neno lako la damu. Mholanzi mmoja, Huijssen van Kattendijke, aliyefundisha wanamaji wa Kijapani Nagasaki kati ya 1857 na 1859, alilalamika sana jinsi Wajapani wasivyojali wakati. Na wangeujali vipi wakati wake? Enzi hizo walikuwa wakigawa mchana mafungu sita na usiku mafungu sita, urefu wake ukibadilika na majira. Saa za kulingana zilikuja rasmi tarehe 1 Januari 1873, pamoja na kalenda mpya. Mwaka 1915 mtaalamu kutoka Australia alizunguka viwanda vyao, akawaeleza kwamba anaona watu walioridhika, wasio na haraka, wasiohesabu muda kuwa kitu. Mwaka 1920 wakaanzisha Siku ya Saa, tarehe 10 Juni, ili kuwahimiza wananchi watunze wakati, na siku hiyo ipo kwenye kalenda yao hadi leo. Wajukuu wa watu hao ndio wanaokuomba radhi treni ikichelewa. Damu ni ileile. Walichobadilisha ni shule, reli, jeshi, kiwanda na ratiba.

Sasa angalia Waholanzi haohao walivyokuwa Java. Kuanzia 1830, gavana wao Johannes van den Bosch aliviamuru vijiji vitenge sehemu ya tano ya ardhi kwa mazao ya serikali: kahawa, miwa, nili. Hazina ya Uholanzi ilinona kwa jasho hilo, na wenye hazina wakaandika kwamba Mjava ni mvivu. Mtu anayelimishwa kahawa ya mwenzake kwa ujira usiotosha chumvi hawezi kukimbilia shambani. Sisi wa Tanga hatuhitaji kuhadithiwa na mtu. Babu zetu waliitwa wavivu na wenye mashamba ya mkonge kwa sababu hawakuipenda kazi ya kipande. Ukilirudia neno hilo leo juu ya wakwe zako, jua umelitoa kinywani mwa nani.

Na liko zito zaidi. Machi 1942 jeshi la Japani liliichukua Java, likakaa hadi Agosti 1945. Katika miaka hiyo wanaume wengi sana wa Kijava walisombwa kwenda kazi za shuruti, wakaitwa romusha. Walijenga reli, walichimba migodi na mahandaki, wengine wakavushwa bahari hadi Burma, na wengi hawakurudi. Wewe umekaa kwenye mkeka wa Idi ukawaambia, "Mngekaa na Wajapani kidogo mngejifunza." Walikaa nao, mwanangu, miaka mitatu na nusu. Historia ya ukoo wa baba mkwe wako siijui, lakini muulize mke wako, kwa upole, babu zake walikuwa wapi mwaka 1943. Halafu umpigie mzee simu wewe mwenyewe, si kupitia kwa mkeo, umwombe radhi. Na safari ijayo uende ukamwombe tena ana kwa ana, umekaa chini.

Nimerudia mara kadhaa pale ulipomtaja shemeji yako. Umeandika mwenyewe kwamba anaendesha pikipiki inayoitwa kwa simu, na kwamba unamkuta kwenye angkringan ameshika simu mpaka saa sita usiku. Anasubiri abiria. Yuko kazini. Saa zile unazomhesabia uvivu hazilipwi na mtu, lakini akizima simu kula hamna. Mama mkwe naye: gudeg ni fenesi bichi linalochemshwa kwa saa nyingi, na anayeiuza alfajiri ameipika usiku kucha. Akilala saa tano asubuhi, amemaliza siku yake wewe ukiwa bado hujanywa chai. Wafanyakazi karibu sita kati ya kumi Indonesia wako kwenye kazi zisizo rasmi, bila kadi ya kugonga, bila likizo, bila mtu wa kuandika ovataimu yao. Hao hao Waindonesia, kufikia Oktoba 2023, zaidi ya 120,000 walikuwa wameajiriwa huko Japani, wakiwalea wazee, wakivua samaki, wakisimama kwenye mashine. Mmoja wao unalala naye kitanda kimoja, na anatoka zamu ya usiku.

Sisemi kwamba hukuona chochote. Saa ya mpira ipo, na inawagharimu. Kikao kikichelewa, anayeumia ni yule aliyefika mapema, na huyo mara nyingi ni mdogo asiyeweza kulalamika. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa 2022, watoto wa miaka 15 wa Indonesia walipata wastani wa 366 katika hisabati, wa Japani 536. Pengo hilo ni kubwa na baba yeyote ana haki ya kulifikiria. Ila hilo halitokani na watoto kupumzika mno, maana Waindonesia wanawaamsha watoto alfajiri na shule nyingi zinaanza saa moja. Huko Nusa Tenggara Mashariki mwaka 2023 gavana aliamuru sekondari kadhaa zianze saa kumi na moja na nusu alfajiri, akitaka nidhamu. Watu walipiga kelele, na walikuwa na haki. Kumnyima mtoto usingizi hakumpi hisabati.

Hapa ndipo ninapotaka utulie unisikilize, kwa sababu ndipo ugomvi wenu ulipo. Nimefanya kazi melini miaka mingi, Yokohama nimekaa, Surabaya nimekaa, na nilichokiona ni hiki: Mjapani anajua sana kupumzika, mradi wote wapumzike pamoja. Nenda wakati wa Obon, siku za kuwakumbuka mababu, katikati ya Agosti, au Mwaka Mpya, au ile wiki ya sikukuu za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei: barabara zimejaa, watu wanarudi kwao, hakuna anayeona haya. Kinachomshinda ni kupumzika peke yake. Kazi yao ni ya kundi, nafasi yako haizibwi na mtu wa akiba, kwa hiyo siku unayokosa inawaangukia wenzako. Ndiyo maana hakuna anayenyanyuka. Si kwamba wana kazi ya kufanya wote, wengi wanangojana.

Indonesia wamelimaliza tatizo hilo kwa njia nyingine. Mawaziri watatu wanakaa kila mwaka, wanatangaza siku za likizo ya pamoja, na kwa kawaida siku hizo hukatwa kwenye zile siku 12 za likizo ya mwaka za mfanyakazi wa sekta binafsi. Hazitoki hewani kama ulivyodhani. Sheria inamtaka mwajiri alipe posho ya sikukuu, mshahara wa mwezi mzima kwa aliyetimiza mwaka kazini, angalau siku saba kabla ya sikukuu. Kisha nchi inahama. Mwaka 2024 Wizara ya Uchukuzi ilikadiria watu zaidi ya milioni 190 wangesafiri kwa ajili ya Idi. Hakuna anayemwomba bosi ruhusa huku ameinamisha uso, kwa sababu bosi naye yuko kwenye foleni ya kwenda kwa mama yake.

Lakini pumziko hilo nalo lina jasho, na hili mwambie mkeo, maana naye anaota. Akirudi Yogyakarta ataingia kwenye harusi za jirani, khitima, mchezo wa pesa wa wanawake, kazi ya mtaa ya Jumapili ya kuzibua mifereji. Asiyefika anasemwa. Wanawake wa Java hupika usiku kucha kwa ajili ya mapumziko ya wengine. Akiwa mbali anakumbuka kicheko, sufuria amezisahau.

Kwa hiyo unaniuliza nani ana haki. Mkeo ana haki kuhusu wewe. Kuhusu mahali, bado hamjazungumza, mmekuwa mkitukaniana mataifa.

Mkianza kuzungumza, jueni mambo haya. Kazi ya fani yako haiko Yogyakarta. Iko Bekasi, Cikarang, Karawang, mashariki ya Jakarta, zaidi ya kilomita 400 kutoka kwa wakwe, na viwanda vingi huko ni vya Wajapani. Unaweza kuhama nchi ukajikuta chini ya bosi wa aina ileile, na foleni ya magari juu yake. Ukikaa Yogyakarta yenyewe, labda chuoni kufundisha, ujiandae kwa kipato kingine kabisa. Kima cha chini cha mshahara cha mkoa ule mwaka 2024 kilikuwa rupia milioni 2.1 kwa mwezi, wakati cha Jakarta kilipita milioni 5. Hakitakuhusu wewe mwenye udaktari, lakini kinakuonyesha hali ya soko.

Kuhusu Salma, hofu zenu zote mbili zimezidi. Wewe unadhani bila juku atapotea. Mtoto wa shule ya msingi ya umma huko Japani anaingia sekondari ya chini ya umma bila mtihani wa kumchuja, si kama darasa la saba la kwetu. Mchujo mkubwa unakuja akiwa na miaka 15, kuingia sekondari ya juu. Miaka tisa ni mapema mno. Na sanamu ile ya Ninomiya uliyoipenda, shule nyingine siku hizi zinamweka amekaa, kwa kuogopa watoto wataiga kusoma huku wanatembea. Mkeo naye anadhani Java hakuna tuisheni. Ipo, wanaiita bimbel, na vijana wanaotaka vyuo vikuu wanakesha nayo vilevile.

Ugomvi wenu huu nchi zote mbili zimeugombana hadharani. Japani mwaka 2002 ilifunga shule za umma Jumamosi na kupunguza mtaala kwa kiasi cha asilimia 30 ili watoto wapumue. Matokeo ya PISA yalipotoka 2004 wakashtuka, na kufikia 2011 wakawa wameurudisha uzito. Indonesia mwaka 2017 waziri wa elimu Muhadjir Effendy alitaka shule iwe siku tano kwa wiki, saa nane kwa siku. Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa ya Waislamu huko, wakasimama kupinga, wakasema watoto wataikosa madrasa ya mchana, na rais Joko Widodo akatoa amri ya kuiachia kila shule ichague. Naliheshimu sana pingamizi lile. Wazazi walisema mchana wa mtoto una mwenyewe, si wa wizara peke yake. Jiulize mchana wa Salma ni wa nani. Kurani anasomeshwa na nani, na Kiswahili anakisikia saa ngapi ikiwa wewe unarudi amelala?

Ushauri wangu ni kwamba msihame mwaka huu. Familia isihame ikiwa imekasirika. Jipeni muda hadi Salma amalize shule ya msingi. Mwaka wa shule Japani unaisha Machi, wa Indonesia unaanza Julai, kwa hiyo mkiamua kwenda mtakuwa na miezi mitatu katikati ya kumtuliza mtoto na kumwimarishia Kiindonesia cha darasani. Wakati huohuo wewe utafute kazi ukiwa bado una kazi, na mkeo aulize mishahara ya wauguzi wa wazee kwao, kwa namba, si kwa kumbukumbu. Juku isubiri. Akionyesha udhaifu katika somo fulani, saa moja na wewe mezani itamfaa zaidi, na wewe una udaktari.

Ofisini usianze kwa kunyanyuka wa kwanza kila siku. Hiyo vita huiwezi peke yako. Chagua siku mbili za wiki, mweleze msimamizi mapema kwamba daktari amekutaka utoke kwa wakati kwa ajili ya presha, na siku hizo toka kwa wakati bila kuomba tena. Kwa Wajapani kauli ya daktari ina uzito, na jambo lililotangazwa mapema haliwakeri kama la ghafla. Mkabidhi mwenzako kazi kwa maandishi kabla hujaondoka. Utashangaa ni wangapi walikuwa wanasubiri mtu aanze.

Likizo yako, sheria inakupa wewe haki ya kutaja tarehe. Mwajiri anaweza kukusogezea tu ikiwa siku hiyo kweli inavuruga shughuli. Basi Idi zote mbili ziombe mapema, na zisiwe za kuomba kwa haya. Mkoa wenu wa Aichi nao mwaka 2023 ulianzisha utaratibu unaomruhusu mtoto wa shule ya umma kubaki na wazazi wake siku ya masomo, hadi siku tatu kwa mwaka, bila kuhesabiwa mtoro, hasa kwa ajili ya familia ambazo wazazi hawapati wikiendi. Uliza shuleni kwa Salma kama wao wamo. Mkeo anafanya zamu, wewe unafanya wiki, kwa hiyo mnaweza kupitisha miezi bila siku moja ya kuwa watatu. Kaa naye leo na ratiba yake ya zamu ya mwezi ujao, mtafute siku moja yake ya mapumziko iliyoangukia katikati ya wiki, uichukulie likizo. Ombi liwasilishwe kabla ratiba ya idara yako haijapangwa. Na simu ya baba mkwe, ukizingatia tofauti ya saa mbili, ipige jioni baada ya swala ya magharibi ya kwao, atakuwa nyumbani.

Mjomba